Zabuni ya Chumba cha Mama Mkwe

Mume wangu ni fundi ujenzi, na ni fundi mzuri. Naomba hilo lijulikane mapema, kabla sijaanza kumsema. Ukipita mitaa hii mitatu ya kwetu utaziona kazi zake: jiko la daktari wa meno, baraza la kiongozi wa kwaya, vyumba viwili vya mwalimu mstaafu aliyeapa kwamba hatapangisha, na sasa anapangisha. Kuta zake zimenyooka na milango yake inafunga bila kusukumwa na bega. Nyumba pekee ambayo hajaiongeza hata tofali moja ni ile anayolala yeye mwenyewe.

Nyuma ya nyumba yetu zimechomoza nondo nne. Alizisimamisha mwaka ule tulipohamia, ziwe mwanzo wa chumba cha mama yake. Leo ni miaka tisa. Mimi nikafunga kamba kutoka ya kwanza hadi ya nne, naanika nguo. Mgeni akiuliza zile nondo ni za nini, namwambia ni chumba cha mama mkwe, aangalie asijigonge kwenye mashuka.

Mtaani wanamwita Tutaelewana. Jina hilo alilifanyia kazi. Mteja akimuuliza bei, anapangusa mikono kwenye suruali, anatabasamu, anasema, "Wewe tena? Tutaelewana." Mteja anaondoka roho kwatu, kwa sababu masikio yake yamesikia "rahisi". Mimi nina duka la kuchapa na kutoa fotokopi. Kutwa nzima nachapa mikataba ya watu, barua za watu, makadirio ya ujenzi ya mafundi wa watu. Ya mume wangu sijawahi kuchapa hata moja. Anasema makadirio yake yako kichwani. Katika kichwa hicho nimewahi kutafuta tarehe ya ndoa yetu, ada ya wanetu na ufunguo wa mlango wa nyuma, na sikumbuki kupata hata kimoja.

Mama mkwe alikuwa anakaa kwa wifi yangu, dada wa mume wangu. Analala kwenye kochi sebuleni. Magoti yamechoka, anatembea na mkongojo, na kila siku lazima asubiri wajukuu wamalize tamthilia yao ndipo atandikiwe. Mimi na yeye tulikuwa na salamu tu. Nikimpigia simu ananijibu, "Hatujambo," kisha kimya, kama mtu anayesubiri nimalize salio langu. Mwaka fulani nilimnunulia sweta zuri la rangi ya udongo. Alilishika, akasema asante, akaliweka kando likiwa bado kwenye mfuko wake wa dukani. Nikajisemea ndivyo mama wakwe walivyo, labda wanafundishwa mahali.

Basi siku moja wifi akapiga simu. "Nimehamishwa kikazi," akasema. "Miezi mitatu ijayo naondoka, na kule napewa chumba kimoja tu. Mama mtamchukua, au atarudi kwenye nyumba yake ya zamani akae peke yake, na magoti yale, na choo kile cha uani cha kuchuchumaa. Semeni."

Mume wangu alikuwa anakunywa chai. "Mwambie asiwe na wasiwasi," akasema. "Chumba kiko njiani."

"Kinatokea wapi?" nikamuuliza. "Maana kwa miaka tisa kingekuwa kimeshafika hata kwa miguu."

Nyumba yetu ina vyumba viwili: chetu na cha mabinti zetu wawili. Sebule yetu ukilaza mtu, mwingine hapiti. Nilijua nikiliacha suala hili kichwani mwa mume wangu, mama wa watu atarudi kule kwenye choo cha kuchuchumaa, na siku moja atashuka asinyanyuke. Kesho yake dukani nilikuwa nachapa tangazo la zabuni la shule moja. Nilipomaliza la shule, nikachapa na langu. Nikalibandika kwenye mlango wa friji.

MWALIKO WA ZABUNI. Nyumba hii inawakaribisha mafundi wote wenye sifa, akiwemo mume wa mtangazaji, kuleta makadirio ya maandishi ya ujenzi wa chumba kimoja na choo cha ndani kwa ajili ya mama mwenye matatizo ya magoti. Mwisho wa kupokea ni Ijumaa. Neno "tutaelewana" halitapokelewa kama bei.

Mume wangu alilisoma akicheka. Akalisoma tena bila kucheka. "Huu ni utani?" akauliza.

"Mwisho Ijumaa," nikamwambia.

Nikapata makadirio mawili na nusu. Ile nusu ni ya fundi mmoja niliyempigia simu, akaniambia yuko njiani, na mpaka leo bado yuko njiani. Nadhani alikutana na chumba huko.

Ya mume wangu yaliandikwa kwa penseli kwenye kipande cha mfuko wa saruji. "Chumba na choo. Laki sita. Vifaa vingi vipo." Chini yake palikuwa na neno alilolianza na herufi T, akalifuta kwa kidole.

Ya tatu yalikuwa ya fundi anayeitwa Karatasi. Mafundi wenzake wanamcheka kwa sababu hachanganyi hata ndoo moja ya zege kabla hajaandika. Ni mwembamba, miwani yake imefungwa kwa uzi, na anatembea na faili kwapani kama mtu anayedai mirathi. Alikuja kupima. Alipima ndani, akapima nje, akapima mkongojo wa kufikirika, kisha akauliza swali ambalo sikulitegemea.

"Mama akinyanyuka, anajishika kwa mkono gani?"

Mume wangu, aliyekuwa amejiegemeza mlangoni akijitia hamnazo, ndiye aliyejibu. "Wa kushoto," akasema kwa sauti ndogo. "Wa kulia unamuuma begani."

Karatasi akaandika: chuma cha kujishikia, kushoto mwa choo.

Jumatano akaniletea makadirio dukani, kurasa tatu. Nikatupa jicho chini kabisa kwenye jumla. Milioni nne na laki tatu. Nikavuta kiti nikakaa, ingawa dukani mwangu kiti ni cha wateja.

"Fundi," nikamwambia, "hiki ni chumba au ni zahanati?"

Hakucheka. Akafungua ukurasa wa pili akaweka kidole. "Watu wanadhani chumba ni ukuta," akasema. "Ukuta ni hela ndogo, mama. Hela iko chini na iko nje. Angalia msingi. Angalia shimo la majitaka na bomba la kwenda huko. Huu hapa ukuta wenu wa nyuma, lazima tuuvunje tupate mlango, na kifusi chake hakiondoki kwa miguu, kinataka gari. Mlango wenyewe nimeupanua, mama apite na mkongojo. Ufundi umejitegemea, vifaa vimejitegemea. Ukiambiwa bei ya chumba bila hivi vyote, jua ipo siku utaviona."

"Na hii laki nne ya 'dharura' ni dharura gani?"

"Ni ya yale tusiyoyajua. Yasipotokea, inarudi kwako."

Inarudi. Nimeishi na fundi miaka kumi na sita, na sijawahi kusikia neno hilo likitumika kuhusu hela. Nilikuwa na akiba yangu kwenye chama cha kuweka na kukopa, ya kununua mashine ya fotokopi ya rangi. Nilikuwa nimeshampa mashine hiyo nafasi yake karibu na dirisha. Nikaanza kuiaga.

Kulikuwa na tumaini moja. Vifaa vingi vipo: hapo mume wangu hakusema uongo, kwa sababu mimi ndiye niliyevinunua. Kila mwaka nikipata chochote naleta matofali hamsini, mwaka mwingine mia, nondo mbili, mabati matatu. Stakabadhi zote ninazo kwenye boksi la karatasi. Matofali mia tisa, nondo ishirini na nne, mabati kumi na mawili. Lundo liko uani limefunikwa turubai la bluu, limekaa pale miaka yote limenyooka kuliko hata nyumba.

"Kama vipo, natoa milioni moja na nusu kwenye jumla," akasema Karatasi. "Nitakuja Jumamosi kuhesabu."

Nilipomweleza mume wangu, alishangaa sana. "Ya nini kuhesabu? Si yanaonekana?" Alhamisi akajitolea kulihamisha lundo mwenyewe, asimsumbue mtu. Ijumaa akapata homa. Jumamosi asubuhi homa ikaongezeka na mgongo, na alikuwa amejilaza anapumua kwa shida Karatasi alipobisha hodi.

Tukalifunua turubai. Upande wa mbele matofali yamepangwa safi, safu juu ya safu. Upande wa nyuma vilevile, na pande mbili zilizobaki. Karatasi akachungulia juu. Akapanda juu ya ndoo, akachungulia tena, akanisogezea ile ndoo.

Ndani ya lundo hamkuwa na kitu. Palikuwa na ganda tu la matofali, safu moja kuzunguka, na katikati uwazi wa kutosha kulaza mtu na meza yake ya kando ya kitanda. Kumbe chumba kilikuwepo. Kuta nne, mraba kabisa, paa la turubai. Kilikosa choo tu.

Matofali yaliyobaki yalikuwa mia mbili na kumi na mawili. Nondo tano, ukijumlisha zile nne zinazobeba kamba yangu ya nguo. Mabati yalikuwa mawili, na yote mawili yalikuwa yanazuia turubai lisipeperuke.

Nikaingia chumbani. Homa ilikuwa imeshapona kwa mshtuko. Mgonjwa alikuwa amekaa kitandani anaangalia miguu yake.

"Yako wapi?" nikauliza.

"Yapo," akasema. "Sema hayapo hapa."

"Nimeuliza yako wapi."

Akaanza kunitajia polepole, kama mwanafunzi anayesomeshwa majina mbele ya darasa. Mia na themanini yalikwenda kwa daktari wa meno, ukuta wa jiko ulipelea. Mia mbili na nondo kumi ziko kwenye baraza la kiongozi wa kwaya. Mabati yako kwa mwalimu mstaafu. Mengine kwa mama mmoja mwenye saluni, mengine hata yeye ameshasahau.

"Ulikuwa unauza vifaa vya chumba cha mama yako?"

"Sijauza hata tofali moja!" akasema, na aliumia kweli, niliona. "Mteja anakuja, nikimwambia bei halisi anakwenda kwa mwingine. Basi nashusha. Kazi ikifika katikati hela imekwisha, na mimi siwezi kuiacha nyumba ya mtu bila ukuta. Nachukua hapa kidogo. Najua kazi inayofuata itarudisha."

"Na kazi inayofuata?"

"Nayo ilipelea."

Nilikasirika sana. Kumbe kila mwaka nilipokuwa nashonesha viatu vya zamani badala ya kununua vipya, ili nilete matofali hamsini, nilikuwa namlipia daktari wa meno jiko lake. Daktari yuleyule aliyening'oa jino akanidai mpaka senti ya mwisho. Lakini kilichoniuma zaidi ni yule mama kwenye kochi. Nusu ya mtaa ilikuwa inalala, inapika na inapunga upepo ndani ya chumba chake, na yeye alikuwa anasubiri tamthilia iishe.

Karatasi alikuwa bado uani, anaukagua ukuta wa jirani kwa makini kama aliyeombwa ushauri. Nikatoka nikamwambia zabuni ni yake, jumla ibaki ilivyo, punguzo limekwenda kwa watu.

Mume wangu akatoka mbio nyuma yangu, hana hata ndala. "Unamwingiza fundi mwingine kwenye nyumba yangu? Mtaani watasema nini?"

"Watasema fundi amepatikana," nikamjibu.

Karatasi akakohoa. "Kwenye ufundi nimeandika watu wawili," akasema. "Mimi ni mmoja. Wa pili sijampata. Awe anajua plasta, na awe anafika saa moja na nusu."

Tukamwangalia sote wawili mtu anayejua plasta. Akaangalia chini, akaona miguu yake mitupu. "Saa moja na nusu asubuhi?" akauliza.

Alifika. Wiki kumi mfululizo alifika, ingawa kwa kweli hakuwa na safari ndefu. Alibeba ndoo chini ya mtu ambaye yeye mwenyewe alikuwa akimcheka. Alipitisha siku nzima akiambiwa andika, hesabu, andika tena. Ujira wake wote, kwa hiari ambayo nilimsaidia kuipata, uliingia kwenye matofali. Walipovunja ukuta wa nyuma wakakuta bomba la maji lililopita pasipotarajiwa, nalo likala karibu nusu ya ile dharura. Iliyobaki Karatasi alinirudishia kwenye bahasha, laki mbili na elfu kumi, na ukurasa wa maelezo. Ile bahasha bado ninayo.

Na plasta, nisimnyime haki yake, ilikuwa kama maziwa yaliyotulia kwenye bakuli. Siku ya mwisho nilimkuta amesimama peke yake chooni, ameshika kile chuma cha kushoto, anakaa na kunyanyuka, anakaa na kunyanyuka. Nikaondoka kimyakimya bila kumtania. Mnaonijua mtaelewa nilivyojizuia.

Mama mkwe aliletwa mchana wa Jumapili, siku nne kabla wifi hajaondoka. Aliingia na mkongojo wake, akapita mlangoni bila kugusa popote. Akaushika ukuta kwa kiganja kizima. Akaenda chooni, tukasikia anakaa, kimya kidogo, kisha tukasikia ananyanyuka. Akarudi akakaa kitandani. Mume wangu alikuwa amesimama kwenye kona kama mtuhumiwa.

"Mkwe wangu," akasema mama, "sogea hapa. Nataka kukuomba radhi."

"Radhi ya nini tena, mama?"

"Wifi yako ameniambia habari ya ile mashine ambayo hukununua." Akauegemeza mkongojo kitandani. "Miaka tisa yote nilijua ni wewe. Kila nikimuuliza mwanangu habari za chumba, ananiambia, 'Bado tunaelewana na mwenzangu.' Nikasema basi, mwenye nyumba hajaridhia, na mtu mzima hajilazimishi kwenye nyumba ya mtu. Nikakunyamazia."

Mimi nina neno la kila mtu na kila jambo, nyote ni mashahidi. Siku hiyo sikuwa na hata moja. Nilizikumbuka zile "hatujambo" zote za miaka tisa, moja baada ya nyingine, nikahisi macho yananiwasha. Nikamgeukia mume wangu. Alikuwa analia bila sauti, ameuelekea ukuta wake mzuri.

"Nilikuwa naona aibu, mama," akasema. "Ilikuwa rahisi kusema hivyo."

"Rahisi kwa nani?" mama akamuuliza, na hakumpa msaada wowote wa kujibu.

Hapo ndipo simu ya mume wangu ilipolia. Simu ile imeharibika, haisikiki mpaka uweke sauti ya nje, kwa hiyo tukasikia sote.

"Fundi Tutaelewana! Mimi jirani yake daktari wa meno. Nataka kuongeza jiko kama lake lile lile. Nipe bei."

Mume wangu akafuta uso kwa mkono. Niliona mdomo unaanza kutabasamu wenyewe kwa mazoea, na mkono wa pili unatafuta suruali ya kujipangusia. Mama yake alikuwa anamwangalia. Mkono ukasimama.

"Nitakuja kupima kwanza," akasema, "nikuandikie. Lakini jiko kama lile usitegemee chini ya milioni tatu."

"Milioni tatu! Acha mzaha, fundi. Daktari ulimjengea kwa moja na nusu, ameniambia mwenyewe!"

"Ni kweli," akasema mume wangu. "Iliyobaki alilipa mama yangu."

Upande wa pili ukakata simu. Mume wangu akairudisha simu mfukoni, akatoka uani kwenda kuondoa kamba yangu ya nguo kwenye nondo ya mwisho iliyobaki.

Mama mkwe akanionyesha begi lake kwa mkongojo. "Plasta hii bado ina ubaridi," akasema. "Nifungulie hapo chini, kuna sweta langu."

Lilikuwa chini kabisa, la rangi ya udongo, ndani ya mfuko wake wa dukani. Nikalitoa, nikamvisha, nikianza na mkono wa kulia, ule unaomuuma begani.